Krasnaya Moskva ya enzi ya Kisovieti: mwongozo kamili wa kuikagua, kuifungua na kujipaka

Chupa ya zamani ya marashi ya Krasnaya Moskva huhukumiwa ndani ya dakika mbili. Mtu anafungua, anasogeza pua mdomoni mwa chupa, anakutana na harufu ya rangi ya kucha na ganda la ndimu lililochacha, basi anaifunga na kusema imeharibika. Alichonusa ni kile kinachokufa mwanzo katika marashi yoyote ya aina hii: mafuta ya jamii ya machungwa na ndimu. Mwili wa marashi haya uko kwingine, na katika chupa iliyotunzwa gizani unaweza kuwa mzima hata baada ya miaka 50. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufikia bila kuvunja kizibo, bila kuunguza ngozi na bila kununua chupa iliyojazwa upya.

Kitu chenyewe

Jina lina maana ya "Moscow Nyekundu". Neno krasnaya katika Kirusi cha kale lilimaanisha pia "nzuri", na ule uwanja mashuhuri wa Moscow uliitwa hivyo karne nyingi kabla ya Wabolsheviki. Mtengenezaji ni kiwanda cha Novaya Zarya, yaani "Mapambazuko Mapya". Kilianzishwa Moscow mwaka 1864 na Mfaransa Henri Brocard, kikataifishwa baada ya mapinduzi ya 1917, na jina jipya kikalipata mwaka 1922. Mtunga manukato anayetajwa ni Auguste Michel, Mfaransa mwingine aliyebaki wakati wenzake wengi waliondoka, na mwaka unaotajwa ni 1925. Wauzaji hupenda kuongeza simulizi kwamba ni marashi ya mwaka 1913 ya familia ya kifalme yaliyobadilishwa jina tu. Ni simulizi tamu, ila usilipe hata senti moja kwa ajili yake.

Chupa ya kawaida inayosakwa ilichorwa na Andrei Evseev: kioo cheupe, na kizibo kinachofanana na kuba la kanisa la Kirusi, kama kitunguu kilichosimama. Sanduku ni jekundu.

Kabla ya yote soma lebo, kwa sababu jina hilohilo lilibandikwa kwenye vitu vingi: marashi mazito, kolonya, sabuni na poda. Духи (dukhi) ni marashi mazito, na ndiyo yanayozungumzwa hapa. Одеколон (odekolon) ni kolonya, nyepesi, na huzeeka vibaya zaidi kwa kuwa sehemu kubwa ya harufu yake ni ile ya juu inayokufa mapema. Ukiona туалетная вода, hiyo ni ya uzito wa kati. Muuzaji asiyesoma Kirusi huuza kolonya kwa bei ya dukhi, wakati mwingine bila nia mbaya.

Tabia yake: unatafuta nini puani

Wengi huambiwa ni marashi ya maua, wakatarajia waridi au asumini. Vyote vimo, lakini si vyenyewe vinavyoongoza. Mhimili wa Krasnaya Moskva ni ayononi na ndugu yake methili ayononi, kemikali zinazotoa harufu ya ua la vayoleti na mzizi wa irisi: kavu, ya ungaunga, tamu kidogo, kama poda ya uso ndani ya kopo la bati. Ayononi ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1893 na Tiemann na Krüger. Hutokana na sitrali, na sitrali ndiyo inayoupa mchaichai harufu yake. Wasovieti hawakuwa na mchaichai wa kutosha, ila walikuwa na mashamba makubwa ya dania, na kutoka mafuta ya mbegu zake kemia yao ilifika kwenye sitrali na ayononi.

Asiyewahi kuliona ua la vayoleti ana njia ya kuijua harufu hiyo. Mafuta ya maua ya mhina yana ayononi. Ukipita jioni karibu na mhina uliochanua, ile harufu inayokaa kati ya chai kavu na poda ndiyo jamaa yake. Majani makavu ya chai nyeusi nayo yanayo kidogo: fungua pakiti mpya, nusa polepole, upuuze ule ukali wa mbele.

Ayononi ina tabia inayowachanganya hata wazoefu. Huichosha pua haraka. Unanusa mara ya kwanza, ipo wazi. Mara ya pili inafifia. Mara ya tatu hakuna kitu, kama vile marashi yamekatika. Ukienda jikoni ukarudi baada ya dakika tano, ipo palepale. Marashi hayajaenda popote, ni pua yako iliyofunga mlango. Tena wapo watu ambao kwa maumbile ya kuzaliwa hawaisikii vizuri aina mojawapo, beta ayononi. Mtu wa namna hiyo akijaribu Krasnaya Moskva atasema ni karafuu tupu na vanila, na hadanganyi. Usibishane naye, mpe mtu wa pili anuse.

Nguzo ya pili ni ua la kaneshoni, ua la bustanini ambalo harufu yake ni karafuu iliyolainishwa. Hapo mtu wa Pemba au Unguja yuko nyumbani, maana kiini chake ni yujenoli, kemikali ileile inayoijaza karafuu. Yujenoli ndiyo huipa Krasnaya Moskva ule ukali wa moto kidogo kifuani mwa harufu, na kwa kuwa ni kemikali ngumu, katika chupa kuukuu huwa bado imesimama. Kisha kuna langilangi, mti uleule unaolimwa Nzwani na Ngazija, unaotia unono na utamu wa maua. Asumini na waridi vipo nyuma. Juu kabisa ni bergamoti (tunda la jamii ya ndimu), maua ya mchungwa na dania. Chini: vanila, mbegu tamu za tonka na miski.

Kifupi ni marashi ya vazi zito, ya jioni, ya mtu mzima. Ni makavu zaidi ya mafuta ya marashi ya Kiarabu na hayana moshi wa udi. Anayetaka wepesi na ubichi wa majani atafute Serebristy Landysh ya kiwanda hichohicho, inayoiga ua la landishi (kwa Kiingereza lily of the valley). Ila ajue ua hilo halitoi mafuta kwa kukamuliwa wala kuchemshwa, kwa hiyo harufu yote ni ya kutungwa, na chupa zake kuukuu hufa mapema kuliko hii.

Zoezi moja la robo saa, kabla hujaigusa chupa, litakusaidia kuliko kusoma maelezo. Kata karatasi nyeupe nene isiyo na harufu vipande vya urefu wa sentimita 15 na upana wa chini ya sentimita 1. Chukua mafuta ya karafuu, ya langilangi na ya ganda la chungwa. Yapunguze makali kila moja peke yake: tone 1 katika kijiko cha chai cha mafuta yasiyo na harufu. Usitumie spiriti ya hospitali, maana ina harufu yake. Chovya kila karatasi nusu sentimita, zishike tatu pamoja kama kipepeo cha mkononi, zipitishe mbele ya pua. Hiyo ni kama nusu ya Krasnaya Moskva. Nusu inayokosekana, ile ya poda na vayoleti, ndiyo utakayoitafuta chupani.

Kukagua kabla ya kulipa

Chupa hizi hupatikana kwenye minada ya mtandaoni, hasa kwa wauzaji wa Urusi, Ukraine na nchi za Baltiki, na mara mojamoja sandukuni mwa jamaa aliyesoma Muungano wa Kisovieti tangu miaka ile Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilipokuwa kikipokea wanafunzi wetu. Kwa zote mbili, omba au piga picha hizi: mbele, chini ya chupa, chini ya sanduku, shingo ya chupa kwa karibu, na chupa nzima ikiwa mbele ya mwanga wa dirisha.

Umri husomwa kwenye sanduku zaidi kuliko kwenye kioo. Herufi ТЭЖЭ ni za shirika la viwanda vya sabuni na manukato la miaka ya 1920 na 1930, lililowahi kuongozwa na Polina Zhemchuzhina, mke wa kiongozi wa Kisovieti Molotov. Chupa yenye herufi hizo ni ya mkusanyaji. Usiifungue kwa ajili ya kujipaka. Главпарфюмер ni jina la idara iliyofuata. Alama ya umbo la pembe tano yenye herufi K iliyolazwa na maneno СССР juu yake ni alama ya ubora ya taifa iliyoanza 1967, hivyo sanduku lenye alama hiyo haliwezi kuwa la kabla ya hapo, hata muuzaji aape. Bei nayo husema: mwaka 1961 ruble 10 za zamani zilibadilishwa kwa 1 mpya, kwa hiyo bei iliyochapwa ikiwa kubwa isivyo kawaida, fikiria miaka ya kabla ya badiliko hilo. Na mistari ya bakodi inayoanza na namba kati ya 460 na 469 karibu kila mara ni ya Urusi ya baada ya Usovieti. Huo ndio mtego unaokamata wengi, kwa sababu Krasnaya Moskva inaendelea kutengenezwa na sanduku jekundu bado ni jekundu. Toleo la sasa si baya, ila kanuni za usalama zimeondoa au kupunguza viungo kadhaa vya zamani, na mwili wake ni mwembamba zaidi.

Sasa maji yenyewe. Rangi inayokubalika ni kati ya dhahabu na chai isiyo na maziwa. Weusi wa kahawa si lazima uwe kifo, kwani vanila na maua meupe huwa meusi kwa miaka, lakini ukiambatana na mawingu yasiyotulia, acha. Kiwango kiwe kimepungua: chupa ya kizibo cha kioo iliyokaa miaka 40 na bado imejaa hadi shingoni inatia shaka kuliko iliyopungua robo. Spiriti hupenya, haina budi. Angalia pia kama kuna duara la utando wa kahawia kwenye kioo, juu kidogo ya usawa wa maji ya sasa. Likiwepo, marashi yalishuka polepole yenyewe. Kioo kikiwa kisafi kabisa huku lebo imechakaa, huenda imejazwa juzi. Mwisho tazama shingo: chupa isiyofunguliwa huwa imefungwa kwa uzi chini ya kizibo. Uzi mweupe mpya kwenye chupa yenye lebo iliyopauka ni kazi ya mkono wa karibuni.

Kuhusu usafirishaji: marashi huhesabiwa kama kitu kinachowaka, UN 1266, na mashirika mengi ya posta hayapokei kwa ndege bila utaratibu maalumu. Kifurushi kilichoandikwa "zawadi ya kioo" kikikamatwa, hakirudi. Uliza njia kabla ya kulipa.

Kufungua kizibo cha kioo

Hapa ndipo chupa nyingi hufia. Kizibo kimesagwa kikaenea barabara shingoni, kisha mafuta ya marashi yamekauka katikati yakawa gundi. Ukivuta kwa nguvu, kuba linabaki mkononi na mguu wake unabaki ndani ya shingo.

1. Zima jiko, mshumaa na chetezo. Spiriti hii inawaka, na mvuke wake huenda mbali kuliko unavyodhani.

2. Simamisha chupa ndani ya bakuli pana lililotandikwa taulo. Kata uzi kwa wembe mdogo, toa utando wote ulio chini yake, na uhifadhi vipande kama unapenda kuweka kumbukumbu.

3. Tia tone 1 la spiriti safi isiyo na harufu kwenye mstari kizibo kinapokutana na shingo. Ngoja dakika 15. Tia tena. Rudia mara tatu au nne. Lengo ni kuiyeyusha ile gundi, na haiyeyuki kwa haraka yako.

4. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, kamua, zungusha shingoni peke yake kwa sekunde 30. Kioo cha shingo kinatanuka kabla ya kizibo. Kitambaa kisiguse kizibo, maana vyote viwili vikitanuka pamoja hujapata kitu. Usitumie moto, wala maji yanayochemka: kioo cha zamani hupasuka kwa mshtuko wa joto.

5. Gonga pembeni mwa kizibo kwa mpini wa mwiko wa mbao, upande huu na upande wa pili, kwa uzito wa kubisha mlango wa chumba cha mgonjwa.

6. Zungusha, usivute. Shika kizibo kwa kipande cha mpira kisiteleze, geuza nywele moja kulia, nywele moja kushoto. Kikianza kutembea utasikia mkwaruzo mdogo wa kioo kwa kioo. Endelea kuzungusha huku ukiinua taratibu.

Kikikataa, acha hadi kesho na uanze upya kwenye hatua ya 3. Vizibo vingine huchukua siku nne. Kikivunjika, usijaribu kutoboa mabaki. Mimina marashi yote kupitia karatasi ya kuchujia kahawa, mara mbili, na usijipake kabla ya kuhakikisha hakuna chembe ya kioo.

Kunusa kwa saa, si kwa sekunde

Usinuse mdomoni mwa chupa. Hapo umekusanyika mvuke wa miaka, ndio ule wa rangi ya kucha. Futa mdomo wa chupa kwa pamba kavu, acha wazi dakika mbili, kisha chovya karatasi ya kunusia hadi nusu sentimita. Andika saa juu yake kwa penseli. Wino una harufu.

Dakika 0 hadi 5 usihukumu chochote. Ukali wa siki, tapentaini, ganda la ndimu kuukuu, vyote ni vya bergamoti iliyochacha. Weka karatasi mezani, ncha ikiwa hewani.

Kwenye dakika ya 20 inusa mara moja, pumzi fupi, ukiwa umeishika sentimita 3 kutoka puani. Kama chupa ni nzima, ule uchachu umeondoka na karafuu imeanza kujitokeza, nyuma yake unaingia utamu mkavu. Vuta pumzi ya pili. Ukihisi harufu imekatika ghafla, furahi: ayononi imo, na imeshakuchosha. Nusa mgongo wa mkono wako ili pua ipumzike. Maharage ya kahawa yanayopendwa madukani hayafanyi kazi kuliko ngozi yako mwenyewe.

Saa 1 ndiyo saa ya kuamua. Poda, vayoleti, karafuu, langilangi, vyote vinapaswa kuwa vimekaa pamoja bila kimoja kumsukuma mwenzake. Ikiwa kwenye saa hii bado kuna tapentaini au harufu ya mafuta ya kupikia yaliyoganda, basi uozo umeshuka hadi moyoni, na hakuna dawa. Ikiwa kuna spiriti na ua moja tu lisilobadilika, chupa imejazwa kitu kingine.

Saa 4 hadi 24 ni ya vanila, tonka na miski. Karatasi iliyoisha kabisa kabla ya asubuhi ni dalili ya kolonya ndani ya chupa ya dukhi, au ya marashi yaliyopunguzwa makali.

Kuna wanaoongeza spiriti mpya ili "kuifufua". Usifanye hivyo. Kilichopungua ni spiriti, ndiyo, lakini ukiongeza mpya unapata ukali unaochukua wiki nyingi kutulia, na mara nyingi vitu vilivyokuwa vimeyeyuka hujitenga na kufanya mawingu. Marashi mazito kuliko mwanzo si tatizo, punguza tone.

Kuhamisha na kuchuja

Kama unakusudia kutumia mara kwa mara, usifungue chupa kubwa kila siku. Toa mililita 5 uweke kwenye kichupa cha kioo cha kahawia, kilichooshwa kwa spiriti safi na kukaushwa kabisa. Tumia dropa ya kioo. Bomba la sindano la plastiki lina mpira ndani, na spiriti huufyonza ule mpira hadi kichupa kizima kikanuka tairi.

Chembechembe zilizotulia chini hazidhuru harufu. Acha chupa isimame saa 24, nyonya marashi kutoka juu, acha kiasi kidogo cha chini. Uchujaji wa karatasi ufanywe tu ikibidi, kwa sababu karatasi hunywa sehemu ya marashi na kila dakika ya hewa inaongeza uchachu.

Kujipaka

Anza na kipimo cha mzio, na usikiruke. Kemikali za kaneshoni, hasa isoyujenoli, pamoja na zile za maua ya kutungwa, zinajulikana kwa kuamsha mzio wa ngozi, na marashi ya zamani yaliziweka kwa kiasi kisichoruhusiwa leo. Tia tone 1 upande wa ndani wa kiwiko, ngoja saa 48. Muwasho, wekundu au vipele: chupa hiyo ni ya kunusa kwenye karatasi au kutia kwenye nguo tu.

La pili ni jua. Bergamoti ya zamani haikuondolewa bergapteni, kemikali inayoifanya ngozi iungue juani na kuacha madoa meusi yanayodumu miezi. Miski za nitro zilizotumika sana karne ya 20 nazo baadhi zilikuja kupigwa marufuku kwa sababu za namna hiyo. Kwa hiyo usiipake shingoni, kifuani wala mikononi mchana. Ipake jioni, au sehemu iliyofunikwa na nguo.

Kiasi kwa mtu wa pwani: tone 1 nyuma ya kila sikio baada ya magharibi, au tone 1 nyuma ya goti, basi. Kumbuka tone la spiriti ni dogo kuliko la maji. Mililita 1 hutoa matone zaidi ya 40, hivyo kichupa cha mililita 5 kina jioni nyingi. Marashi haya yalitungwa kwa nchi ya baridi na makoti ya manyoya. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, utamu wa langilangi na vanila unavimba, na matone matatu yatamfukuza jirani kwenye daladala. Kwa Arusha au Nairobi usiku, ongeza tone moja. Anayeishi Ulaya wakati wa theluji ndiye pekee atakayeisikia kama ilivyokusudiwa, hasa ikiwa kwenye skafu ya sufu.

Kwenye nguo, angalia madoa. Marashi ya rangi ya chai huacha alama ya manjano kwenye kanzu na shela nyeupe, na haitoki. Kwenye kanga tia upande wa ndani wa pindo, sentimita 20 kutoka puani. Usiichanganye na udi wala mafuta ya marashi siku hiyohiyo: udi unaifunika ayononi yote na kuacha karafuu pekee, na hapo umepoteza kile ulichokilipia. Sabuni nayo isiwe ya harufu kali. Ngozi kavu sana huimeza haraka. Paka mafuta mepesi yasiyo na harufu, ngoja dakika 10, ndipo utie tone. Na kwa anayejiepusha na spiriti mwilini wakati wa sala, kumbuka msingi wa haya ni spiriti.

Kuhifadhi

Maadui ni watatu: mwanga, joto na hewa. Kabati la kioo la sebuleni linaipa chupa mwanga na joto kwa pamoja, na bafu linaongeza unyevu unaobandua lebo. Nyuzi 15 hadi 20 zisizopandashuka ndizo nzuri. Mahali pa joto, tumia droo ya mboga ya friji: funga chupa kwa gazeti, iingize kwenye kopo la bati lenye mfuniko, lisimame wima. Usiilaze kamwe, maana kizibo cha kioo hakizuii maji yanayokiegemea.

Shingoni zungusha mara tatu ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, juu ya maungio ya kizibo na chupa. Haiyeyuki kwa spiriti, haiachi gundi, na huondoka kwa kucha. Selotepu ya kawaida huyeyuka na kuteremka hadi kwenye lebo.

Ikitoka kwenye friji, iache ifikie joto la chumba kwa saa moja kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia ndani pamoja na hewa. Na kile kichupa cha mililita 5, kibandike karatasi yenye tarehe uliyokijaza. Marashi yaliyopata hewa mpya hubadilika haraka kuliko yaliyobaki kwenye chupa mama, na baada ya miezi sita unaponusa tofauti kati ya viwili hivyo, utahitaji kujua ni tofauti ya muda gani.